Lupango, minervali na miaka saba ya umunganga

Maneno ya timu ya uwanja mbele ya wazazi na vijana wa chama, Bunia



Mulituomba tuseme juu ya univerisite. Sisi si maprofesa. Sisi ni watu wa kuzunguka na moto kwenye vijiji vya Djugu na Irumu, kuandika majina ya waliorudi. Lakini kila tukifika kwa nyumba, maneno ya mabati na mbegu yakiisha, papa anatoa karatasi ya mtoto iliyofungwa ndani ya plastiki. Anauliza: «Huyu anataka umunganga. Nimupeleke wapi? Kwa serikali ama kwa binafsi?»

Zamani tulikuwa tunajibu mbio mbio. Leo tunajibu polepole, na tutawaambia sababu.

Kuna papa mmoja aliyerudi kutoka Kyangwali, kule Uganda ngambo ya ziwa Albert. Kitu kimoja tu kilimubakia hapa mjini, lupango aliloachiwa na baba yake. Binti yake alikuwa amepita vizuri sana. Papa aliuza lupango ili amuingize kwenye univerisite ya binafsi, na jina lake hatutalitaja hapa. Siku ile tulikuwa tumeketi kwake, tunakunywa chai yake. Aliuliza mawazo yetu. Tukasema: «Masomo ndiyo urithi, Papa.» Neno tamu, tena halikutugharimu kitu.

Mwaka wa kwanza ulilipwa wote. Wa pili ulilipwa nusu nusu. Wa tatu feza ya lupango ikaisha, na shule ikashika karatasi ya pointi za binti mpaka deni lilipwe. Alipojaribu kuhamia kwa serikali wakamuomba ile ile karatasi. Leo anauza unga wa muhogo sokoni. Ukimuuliza, anakutajia mifupa yote ya mkono, mmoja mmoja, huku anapima unga. Na babake anapanga nyumba.

Kwa hiyo musituulize kwanza ni univerisite gani iko muzuri. Tuulizane kwanza ni gani mutoto ataimaliza. Umunganga si masomo ya miaka mitatu. Unaanza na biomedikale, halafu udaktari wenyewe, halafu staji hospitalini. Jumla inafika miaka sita ama saba, na njia ikiwa mbaya inapita hapo. Wazazi wengi wanahesabu mwaka wa kwanza tu, na kiatu kipya.

Tuseme kwa mfano, bila kutaja shule yoyote: moja inaomba dola 300 kwa mwaka, nyingine dola 1,000. Kwa miaka saba hiyo ni 2,100 na 7,000. Tofauti ni 4,900, na mtu anasema basi serikali imeshinda. Ngojeni. Kama ile ya bei ndogo iko Kisangani, zaidi ya kilometa 600 kutoka hapa kwa njia ya Komanda na Mambasa, kuna chumba cha kupanga, chakula, na safari ambayo wote munajua hatari yake. Dola 50 kwa mwezi, miezi kumi, miaka saba, ni 3,500 juu ya zile 2,100. Tofauti imebaki 1,400. Mtoto akilala kwa shangazi yake kule, hesabu inageuka tena. Kila nyumba ina hesabu yake, na jirani hawezi kukufanyia.

Tena serikali si mbinguni. Kijana wetu mmoja alisoma kwa serikali. Alituambia kwamba mwaka wa kwanza alisikiliza masomo akisimama dirishani, juu ya oditwari kujaa. Maprofesa waligoma, mwaka ukarefuka, babake akafikiri anamudanganya. Sasa yuko kwenye staji. Amekonda, ni kweli, lakini yuko hapo.

Kuna wanaotuambia munganga wa kweli anatoka kwa binafsi. Wengine wanasema jina la serikali ndilo linaheshimiwa. Profesa Muyembe, aliyeongoza vita dhidi ya Ebola huku kwetu mwaka 2019, alisomea umunganga Lovanium, Kinshasa, ambayo siku hizo ilikuwa ya Wakatoliki. Munganga Mukwege wa Panzi, aliyepata Nobel mwaka 2018, alisomea umunganga kwenye univerisite ya serikali ya Burundi. Na hiyo Univerisite ya Kisangani tunayoiita «ya serikali» ilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963; serikali iliichukua mwaka 1971. Ukuta wenyewe umehamishwa mara nyingi.

Kitu tunachowaomba muangalie ni kingine. Mbele ya kulipa hata franga moja, mtu wa familia afike pale kwa miguu yake. Aulize kama shule inatambuliwa na wizara, na aonyeshwe karatasi; mabango barabarani hayatoshi. Aulize wanafunzi wa mwaka wa nne, si wale wa kwanza ambao bado wanafurahi: staji munafanya hospitali gani? Maprofesa wanakaa hapa, ama wanashuka na ndege wiki moja wanamaliza somo lote? Mwanafunzi akishindwa kulipa, karatasi zake zinaenda wapi? Swali hili la mwisho sisi hatukuliuliza.

Wale waliosomea Uganda mpaka S6 wana kazi ya ziada. Diploma yao inahitaji kukubaliwa na wizara kuwa sawa na yetu, na karatasi hiyo haitoki kwa siku mbili. Waanze sasa.

Na musiwacheke wanaochagua uuguzi. Watu wa Irumu wanajua Nyankunde ilifundisha wauguzi wangapi, mbele na nyuma ya shambulio la Septemba 2002. Kijana anaweza kusoma uuguzi, apate kazi, arudie umunganga kwa mushahara wake. Njia ndefu, lakini lupango linabaki.

Juu ya sanduku la chama: kamati ilituuliza kama linaweza kulipia minervali. Mawazo yetu ni kwamba lisilipe mwaka wa kwanza wa mtu yeyote. Likae kwa wale walio katikati, mwaka wa tatu ama wa nne, waliokwama kwa deni. Tunajua wazazi wengine hapa hawatafurahi, na tuko tayari kubishana baada ya soda.

Papa aliyetuambia jana kwamba mununuzi wa lupango lake anarudi siku ya tano: tunaomba usitie sahihi kwanza. Tutafika kwako siku ya ine asubuhi na kaye na kalkuleta. Mama awe pale, na binti mwenyewe pia, maana yeye bado hatujamusikia. Chai tutakuja nayo sisi.