KUENDEKEZA TAMAA: MAANA YA NENO NA MATUMIZI YAKE



Katika sikukuu hii ya yubilei tumeombwa kueleza neno moja linalosikika mara nyingi katika mafundisho na kwa wasimamizi wa ndoa: kuendekeza tamaa.

Kwanza, tamaa. Neno hili limetoka katika Kiarabu. Twalitumia kwa uroho, lakini pia kwa matumaini. Ndiyo maana mtu asiyetumaini tena twasema amekata tamaa. Basi, kutaka si kosa. Anayetaka bukari kwa watoto wake, anayetaka nyumba isiyovuja, huyo ana tamaa njema. Kanisa halimwombi mtu akate tamaa.

Pili, kuendekeza. Neno hili limezaliwa na kuenda: kuenda, kuendeka, kuendekeza. Mama anayemwendekeza mtoto humwacha afanye kila apendalo. Kumbe tamaa haina miguu. Sisi ndio tunaoipa miguu. Bwana anayemaliza mshahara kwa lutuku, hata watoto wake wakafukuzwa shuleni kwa kukosa feza ya masomo, husema: "Tamaa imenishinda." Lugha yetu yamjibu: "Umeiendekeza." Methali yasema: Tamaa mbele, mauti nyuma. Je, ni nani aliyeiweka mbele? Paulo Mtakatifu, katika barua kwa Waroma, sura ya 6, anasema juu ya kuzitii tamaa. Naye anayetii angeweza pia kukataa.

Tatu, matumizi. Tusimtupie kila mtu neno hili. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, waliacha kazi, baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Baba wa namna hiyo aliyeomba unga kwa jirani hakuendekeza tamaa. Alikuwa na njaa. Anayeiita njaa tamaa anamdhulumu maskini, tena anajitafutia sababu ya kufunga mkono wake.

Basi, ndugu, kabla ya kumhukumu mwenzetu tujiulize: Je, mtu huyu ametenda kosa, ao amekosa chakula? Wa kwanza tumwonye kwa upole. Wa pili tumgawie tulicho nacho.

Nazo tamaa zetu wenyewe, tusizikate wala tusiziendekeze. Tuzishike mkono kama watoto, tuziongoze sisi, zisituongoze.

Mwenyezi Mungu awabariki.