Foto ya Bruxelles na mambo yenye hatukuyasema

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa chama, Kasha

 

Katika mkutano uliopita, mama mmoja wa hapa Kasha alisimama. Alitoa foto kwenye mfuko wa plastiki, akaiinua juu ili watu wote waione, kisha akatuuliza: “Hii foto ni ninyi mulituma. Ile siku, mulikuwa munalala wapi?” Hatukumjibu. Wengine wetu tulicheka kidogo, ile cheko ya haya, na mwenyekiti akapitisha jambo lingine. Leo tumekuja kumjibu. Sisi wenye tulitoka Bruxelles tuko watu watano katika chama, na haya tunayasema kwa mdomo mmoja.

Foto yenyewe munaijua. Tuko watano, tumesimama katikati ya uwanja wa Grand-Place, tumevaa makoti mazito, nyuma yetu kuko nyumba zenye dhahabu. Tunacheka. Ilitoka simu moja ikaingia simu ingine, ikafika hadi kwa kijana wa huyu mama. Kijana alisema: “Kama hawa wamefika, mimi nitashindwa nini?” Wazazi waliuza paraseli yao. Kijana akaenda kwa njia ya nchi kavu. Simu yake ya mwisho ilitoka upande wa jangwa, alikuwa anaomba pesa. Ni miaka mitatu sasa. Baba alikufa, mama anapanga chumba kimoja, na hata hivyo haachi kuja kwenye mikutano yetu.

Hatukumwambia yule kijana aende. Ni kweli. Lakini foto ilisema mahali petu, na sisi tulinyamaza.

Kwa hiyo leo tunataka kuwatembeza Bruxelles, mahali kwa mahali. Sisi wenyewe tulikaa kule miaka na miaka, na mji tuliujua kwa miguu, sababu tikiti ya tramu ilikuwa ghali kwetu. Lakini kutembezwa kama wageni, na mtu wa kutueleza, tulitembezwa mara moja tu, mwezi mmoja mbele ya kurudi. Kule kuko vyama vyenye vinatembeza watu na kuwaonyesha alama za ukoloni katika mji, kama vile Collectif Mémoire Coloniale et Lutte contre les Discriminations. Siku ile aliyetuongoza alikuwa mama mmoja Mkongomani, mwalimu, na hakutuomba hata franga moja.

Tulianza pale pale pa foto, Grand-Place. Ni pazuri, hatutadanganya. Tangu 1998 UNESCO imepaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mnara wa nyumba ya mji una urefu wa mita 96, na juu kabisa amesimama malaika Mikaeli. Sisi tulifikiri zile nyumba za pembeni ni za wafalme. Kumbe hapana! Ni za vyama vya mafundi: waokaji mikate, wapika bia, wachinjaji, watu wa mashua. Kila chama kilikuwa na nyumba yake na sanduku lake. Mwenzao akiugua au akifa, sanduku linasaidia. Mwaka 1695, mwezi wa nane, jeshi la mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, lilipiga mji kwa mizinga, na karibu uwanja wote ukaungua. Vile vyama vilichanga, na ndani ya miaka michache nyumba zikasimama tena. Mama mwongozaji akatugeukia: “Mnaona? Hii ni likelemba yenye ilijenga mawe.” Tulicheka, lakini lile neno tulirudi nalo nyumbani, na ndilo lilitufanya tuingie katika chama hiki.

Pembeni ya uwanja kuko sanamu ya shaba ya mtu amelala, anaitwa Everard t’Serclaes. Watu wanasema ukimpapasa mkono utapata bahati, njo maana mkono wake unang’aa kama sahani mupya. Sisi sote tulikwisha kumpapasa, wengine mara kumi. Tulikuwa tunaomba makaratasi. Makaratasi hayakukuja.

Sasa mama, jibu lako ni hili. Ile siku ya foto tulikuwa tunalala watu wanane katika chumba kimoja, karibu na mfereji wa Bruxelles. Tulikuwa tunalala kwa zamu, sababu magodoro yalikuwa manne. Kati ya yale makoti matano, matatu yalikuwa ya kuazima. Mmoja wetu alikuwa na barua ya kukataliwa mfukoni, ya wiki ile ile. Tulicheka sababu mwenye kupiga foto alisema tucheke, na sababu tulijua foto itafika Kasha. Hatukutaka mama zetu walie.

Tuendelee na matembezi. Nyuma kidogo ya Grand-Place kuko Manneken Pis, sanamu ya mtoto anayekojoa. Watu wanatoka Japani na Marekani kuja kumtazama. Ni mudogo sana, hafiki hata urefu wa bidoni mbili zimepangwa juu ya nyingine, na ana nguo zaidi ya 1000, zimewekwa kwenye nyumba yake ya maonyesho. Tulifikiri watoto wetu wa hapa, wenye wanapanda mulima na bidoni ya maji kila asubuhi. Hakuna mtu amekata tikiti ya ndege kuja kuwaona.

Karibu na hapo kuko barabara ndogo inaitwa Rue de Tabora. Tulikuwa tunaipita kila siku bila kuuliza. Mwongozaji akauliza: “Tabora ni wapi?” Mmoja wetu aliyekaa kambi ya Nyarugusu akajibu haraka: “Tanzania!” Ndiyo. Mwezi wa tisa 1916, askari wa Force Publique waliuchukua mji wa Tabora kutoka kwa Wadachi. Kamanda na maofisa wakubwa walikuwa Wabelgiji, lakini askari walikuwa watu wa Kongo, na mizigo ilibebwa kichwani na mababu zetu, wengine wa Kivu hii hii. Wengi walikufa njiani. Jina la vita likapewa barabara. Majina ya wabeba mizigo hayakuandikwa.

Kisha tukapanda hadi Place du Trône. Pale Léopold II amekaa juu ya farasi. Sanamu iliwekwa 1926. Chini yake kuko maandishi yanasema shaba na bati vyake vilitoka Kongo, vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Bure! Mzee mmoja kati yetu, aliyefanya kazi Katanga mbele ya kwenda Ulaya, alisimama pale muda mrefu. Alisema tu: “Kumbe na yeye amevaa koti la kuazima.”

Dakika chache kutoka hapo kuko Porte de Namur, mlango wa Matonge. Jina limetoka Kinshasa. Kuko saluni za nywele, kuko sombe, chikwangue na ndagala, na watu wanabishana juu ya mupira kama ku Kadutu. Pembeni ni Square Patrice Lumumba, iliyofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Miaka zaidi ya hamsini ilipita mpaka mji wa Bruxelles umpe Lumumba uwanja. Ni katika mji huo huo, mwezi wa kwanza 1960, alikofikishwa moja kwa moja kutoka gerezani kuja kwenye Meza ya Duara, pale ilipokatwa tarehe ya uhuru.

Hapa tunaomba musikilize vizuri. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukaharibiwa. Lilibaki jino moja, lenye polisi mmoja Mubelgiji alikuwa amelichukua. Tarehe 20 Juni 2022, Bruxelles, lile jino lilirudishwa kwa watoto wake. Lilitembezwa Kongo, na tarehe 30 Juni likalazwa Kinshasa. Miaka 61. Jino moja, na nchi nzima ilisimama kulipokea kwa heshima na machozi. Hakuna aliyeuliza: “Umetuletea nini kutoka Ulaya?” Sisi tulirudi watu wazima, na viungo vyote, na hilo ndilo swali la kwanza tulilopata mlangoni. Hatusemi hivi kwa kujilinganisha na Lumumba. Tunasema mtu akirudi, kwanza apokelewe.

Tukapanda tramu 44, yenye inapita katika miti mikubwa hadi Tervuren, nje kidogo ya mji. Kuko jumba kubwa la vitu vya Afrika. Tunajua munaulizana: vinyago vyetu viko kule? Viko, kwa maelfu. Lakini mwongozaji hakutupeleka kwanza jumbani. Alitupeleka kanisani, kwenye makaburi saba.

Mwaka 1897 Léopold II aliwaleta Wakongomani 267 Ubelgiji kwa maonyesho. Walijengewa kijiji kule Tervuren, wawe wanatazamwa na watu kama vile watu wanatazama wanyama. Ilikuwa ni baridi na mvua. Saba walikufa. Majina yao yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Mwongozaji alituomba tuyasome kwa sauti, kila mutu jina moja. Tulikuwa watano na yeye wa sita, basi jina la saba tulilisoma sote pamoja.

Kwenye tramu ya kurudi hakuna mwenye alisema. Kila mmoja alikuwa anawaza jambo moja: watu hawa wana makaburi na majina, lakini mama zao huku Kongo hawakujua. Walingoja. Mama, siku uliyoinua ile foto, ni hayo makaburi tuliyaona. Njo maana tulishindwa kukujibu.

Matembezi yetu yaliishia kwenye mfereji, mbele ya Petit-Château. Hapo hakuna mtalii. Ni kambi ya askari ya zamani, na mwaka 1986 ilianza kupokea watu wenye kuomba ukimbizi. Wengi wetu Bruxelles ilianza mlangoni pale, katika mustari, na mfuko mkononi. Hapo hatukupiga foto siku ya kwanza. Ile siku ya mwisho tulipiga, na hiyo foto mutaiona leo ukutani, pembeni ya ile ya Grand-Place.

Ndugu zetu, hatusemi mutu asisafiri. Kuko wenye walifika, walisoma, wanafanya kazi, wanalipia ndugu zao masomo hapa Bagira. Kuko Wabelgiji waliotupa supu na mwanasheria bila kutuuliza kitu. Na hatusemi kwamba huku kwetu ni raha. Kila mutu anajua kwa nini tulikimbia. Tunachosema ni kwamba tulionyesha nusu, na nusu yenye tuliificha imeuza paraseli ya watu.

Basi tunaleta maombi matatu mbele ya mkutano.

La kwanza: kila mwanachama mwenye foto za ng’ambo, ikiwa ni Bruxelles, ikiwa ni Nairobi, ikiwa ni kambi ya Tanzania au ya Uganda, akionyesha kijana, aseme siku ile alilala wapi, alikula nini, na alilipa nani. Tutafanya hivyo mwezi kwa mwezi, siku ya Yuda baada ya misa, hapa hapa, na vijana wataulize maswali yote, hata yale ya kutuaibisha.

La pili: huyu mama aingie katika likelemba yetu na apate zamu ya kwanza. Sisi watano tunaacha zamu zetu nyuma ya yake. Hiyo si sadaka, ni deni.

La tatu linaenda kwa wafadhili. Munatuuliza mara nyingi mrejeaji anahitaji nini. Cherehani ni nzuri, mbuzi ni nzuri, tunashukuru. Lakini tusaidieni pia kuandika majina ya vijana wa Kasha waliopotelea njiani, na kuulizia habari zao kwa njia za Msalaba Mwekundu, wenye kazi yao pia ni kutafuta watu waliopoteana na familia. Mama hawezi kufanya kilio cha mtoto asiyejua kama amekufa.

Mama, foto yako tunakurudishia. Tumeandika nyuma yake, kwa mkono wetu, mahali tulipolala ile siku. Jina la mtoto wako liko la kwanza kwenye daftari.