Maji Yaliyokwisha Kusafishwa: Usimamizi wa Mahitaji ya Maji Mijini, Ulikotoka na Unakoelekea



Mada ya kuhifadhi maji kwetu huishia mara nyingi kwenye bango la kumkumbusha mama wa nyumbani afunge koki. Sina ugomvi na bango hilo. Ila mwenye ndoo si wa kwanza kuhojiwa. Wa kwanza ni sisi tunaoendesha mabomba.

Tulikotoka

Kwa miaka mingi, mahitaji yakiongezeka tulitafuta chanzo kingine. Dar es Salaam ilikuwa na mtambo wa Mtoni, ikaja Ruvu Juu mwaka 1959, kisha Ruvu Chini mwaka 1976. Katika miaka ya 2010 mitambo yote miwili ya Ruvu ilipanuliwa: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Ilikuwa kazi kubwa na ilistahili kufanyika. Lakini mitambo yote miwili inanywa mto mmoja, na mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgao.

Mgao nao ni usimamizi wa mahitaji, tena ndio wa zamani kuliko wote na usio na huruma. Katika miaka ya 1960, watafiti White, Bradley na White walipima matumizi ya maji majumbani nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi katika maeneo yale yale. Nyumba zenye bomba zilikuwa zikitumia takriban nusu tu ya maji zilizokuwa zikitumia kizazi kimoja nyuma, na wasio na bomba walitumia muda zaidi ya mara tatu kuyafuata. Hawakuwa wamehubiriwa uhifadhi. Mabomba yalikauka, basi.

Kwa hiyo tunapomwambia mpangaji anayenunua maji kwa dumu apunguze matumizi, tunamwambia mtu aliyekwisha kupunguzwa. Na kwa kila lita analipa zaidi kuliko mwenye bomba ndani.

Yanakopotelea

Kiwango cha upotevu katika mamlaka nyingi za maji za ukanda wetu ni kama theluthi moja ya maji yanayozalishwa, na kuna zinazozidi hapo. Tufanye hesabu ya mfano kwa mitambo miwili ya Ruvu ikifanya kazi kwa uwezo wake wote: theluthi ni kama lita milioni 155 kwa siku, takriban sehemu nne kati ya tano za Ruvu Juu nzima. Maji hayo yamekwisha kutiwa dawa na kusukumwa kwa umeme. Si yote yanayoingia ardhini: mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye dira chakavu, na hayo yanatumika ingawa hayalipiwi. Wahandisi tunapenda kuyachanganya mafungu haya, kwa sababu lawama ya wizi ni nyepesi kwetu kuliko lawama ya bomba bovu.

Njia inayofundishwa kila mahali ya kuyatenganisha ni kupima mtiririko wa usiku. Unalifunga eneo kwa valvu, unaweka dira moja kwenye mlango wa kuingilia, unasoma kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wakiwa wamelala. Kinachopita saa hizo, kwa sehemu kubwa, ni mvujo. Kwetu njia hii inakwama. Penye mgao, saa nane usiku ndiyo saa ya simtanki kujaa, na wenye nyumba wamekesha wakisikiliza bomba. Ukisoma dira utadhani mtaa mzima unavuja. Halafu kufunga na kufungua valvu kila siku kunalitikisa bomba, hewa inaingia, viungo vinalegea, na mivujo mipya inazaliwa. Mgao tunaouleta kwa sababu maji ni machache unayapunguza zaidi.

Msukumo wa maji ni jambo jingine tunalolipa uzito mdogo. Huko Khayelitsha, Cape Town, maji mengi yalikuwa yakivuja ndani ya nyumba, kwenye vyoo na koki zilizochoshwa na msukumo mkubwa, yakiishia kwenye mitambo ya majitaka. Mwaka 2001 jiji liliweka mitambo ya kupunguza msukumo, hasa usiku. Maji yaliyookolewa yalifikia takriban mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka, na gharama ilirudi katika miezi michache.

Tunakoelekea

Cape Town hiyohiyo, katika ukame wa 2015 hadi 2018, ilishusha matumizi yake kwa zaidi ya nusu. Februari 2018 kila mtu aliwekewa ukomo wa lita 50 kwa siku. Mapato yalishuka pia, na Julai mwaka huo jiji likaanza kutoza ada ya kudumu. Mameneja wetu wanautaja mfano huu kama onyo. Mimi siuoni hivyo. Katika jiji ambalo wateja wanangoja maji, lita iliyookolewa ina mnunuzi siku hiyohiyo.

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, nayo mwaka 1993 ilipoteza asilimia 72 ya maji yake. Chini ya Ek Sonn Chan, mkurugenzi mkuu wa mamlaka yake ya maji, mabomba yalibadilishwa na kila mteja akawekewa dira, wakubwa wakiwamo, na hao ndio waliomsumbua zaidi. Baada ya miaka chini ya ishirini upotevu ulikuwa umeshuka hadi takriban asilimia 6.

Bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu litatusaidia kiangazi, na simpingi anayelitetea. Ila maji yake yatapita kwenye mabomba haya haya.

Kwa vikundi vya mchana napendekeza kazi moja. Kila mamlaka ichague eneo moja dogo, ilipatie maji saa 24 kwa msukumo wa chini badala ya saa chache kwa msukumo mkubwa, isubiri simtanki zishibe, ndipo isome dira ya usiku. Wenzetu wa fedha waketi katika vikundi hivyo, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa nani atakatiwa maji yake, na mapato gani yatakosekana, ili eneo hilo lipate ya kutosha kwa majaribio.