Kuweka Kiasi cha Sauti Iingiayo katika Mikisa

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari za mikisa, yaani meza ile ya kuchanganyia sauti, ambayo siku hizi huonekana shuleni, makanisani, misikitini, hata arusini. Mara nyingi sauti ikikwaruza watu huilaumu spika, na pengine hutoa fedha wakanunua nyingine. Kumbe kosa halimo katika spika. Limo juu ya meza, katika kidude cha kwanza cha kuzungusha, kiitwacho geini.

Kazi ya geini ni hii. Maikrofoni ya kushika mkononi, mathalani ile SM58 iliyotolewa na Shure mwaka 1966, hutoa umeme mdogo mno: msemaji mwenye nguvu, aliyeisogeza karibu na midomo, huamsha kiasi cha milivolti 2 tu. Lakini mikisa ipate kufanya kazi vyema yataka kama volti 1.2. Basi umeme ule hauna budi kukuzwa mara 600 hivi, na geini ndiyo iukuzayo. Kile kitelezi cha chini, ambacho mafundi hukiita feda, chapimia tu kile kilichokwisha kuingia.

Geini ni kama kuchota maji kisimani, na feda ni kama kuyamimina nyumbani. Aliyechota kidogo, akijaribu kuongeza kwa feda, huongeza pamoja na sauti ule mvumo wa mitambo yenyewe. Aliyechota kupita kiasi huyakata mawimbi ya sauti vichwa vyake, na huo ndio mkwaruzo. Akiteremsha feda, sauti itapungua, lakini mkwaruzo utabaki.

Hasara huwa kubwa zaidi mahali panaporekodiwa. Bibi kizee akiisimulia nasaba ya ukoo wake, asipate kuisimulia mara ya pili, maneno yaliyokwaruzwa namna hii hayarudi tena kama yalivyotoka kinywani mwake. Sisi twaona ni afadhali kusikia mvumo kidogo nyuma ya maneno yake kuliko kuyapoteza.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Teremsheni feda na geini hata mwisho. Bonyezeni kitufe chenye herufi PFL, kwani hicho huonyesha sauti ya njia ile moja kabla haijafika kwenye feda. Mwambieni msemaji aseme maneno yale yale atakayosema, kwa nguvu ile ile. (Kuhesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ya haya hakufai kitu.) Zungusheni geini polepole hata kipimo kicheze karibu na sifuri. Katika mikisa ya dijitali sifuri ndiyo dari, nayo haipitiki. Huko sauti ya wastani na icheze karibu na desibeli 18 chini ya sifuri. Kisha rudisheni geini nyuma kidogo, kwa maana mtu akisimama mbele ya watu hupaza sauti kuliko alivyoijaribu. Ndipo mpandishe feda hata alama yake ya sifuri.

Msikariri mahali geini ilipokaa jana, wala msimwekee mwanafunzi mwenye sauti ndogo kipimo cha mwalimu wake. Sauti ikizidi kwa desibeli 20, umeme wake umekuwa mara 10. Ngoma huweza kuzidi hata geini ikiwa chini kabisa. Hapo hutumiwa kitufe cha kupunguza, kama mikisa inacho.

Sherehe ikiisha kuanza, acheni geini, tumieni feda. Katika mikisa nyingi geini huongoza pia spika zilizoelekezwa kwa waimbaji, na mkiipandisha ghafula zitapiga mluzi. Wala mtu asiipige maikrofoni kwa kidole ili kuijaribu. Kishindo hicho hakiwaonyeshi nguvu ya sauti yake.