Bima ya Nyumba ya Kupangisha: Tukate kwa Kuta, Tusikate kwa Kiwanja

(Hotuba iliyotolewa katika mkusanyiko wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Raskazone, Tanga)



Najua wengi mngependa kusikia habari za bwenini na za viranja wetu, lakini nimetakiwa niseme juu ya jambo kavu kidogo, nalo ni bima ya majengo kwa sisi wenye nyumba za kupangisha. Nimekubali kwa kuwa nilifanya kazi ya bima miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa kuwa nikitazama humu ukumbini naona wenye nyumba wengi. Kiinua mgongo cha wengi wetu kiligeuka matofali na mabati. Kodi ya nyumba ile ndiyo inayonunua dawa na kulipa karo za wajukuu. Nyumba ikiungua, pensheni nayo imeungua.

Wakubwa mtakumbuka kwamba zamani jambo hili halikutusumbua sana. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Bima nayo, huku Bara, ilikuwa na mlango mmoja tu: Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na kutaifishwa mwaka 1967. Ulikubali bei uliyopewa ukaenda zako. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua soko, na leo makampuni ni mengi, yakisimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa hiyo mtu akisema bima ni ghali, ninamwuliza kwanza: ghali kwa hesabu gani?

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Raskazone ni rasi iliyoingia baharini. Mtu anunuapo nyumba hapa ananunua upepo na mandhari ya bahari, na mara nyingi kiwanja kina thamani kuliko nyumba iliyo juu yake. Lakini kiwanja hakiungui. Bima ya majengo haihusu bei ya kuuzia. Inahusu gharama ya kujenga upya.

Natoa mfano wa hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote. Tuseme nyumba yaweza kuuzwa kwa shilingi 300,000,000, na kuijenga upya ingegharimu 120,000,000. Tuseme pia ada ni shilingi 2 kwa kila 1,000. Aliyekata bima kwa bei ya kuuzia atalipa shilingi 600,000 kwa mwaka. Aliyekata kwa gharama ya kujenga atalipa 240,000. Nyumba ikiteketea yote, wote wawili watalipwa sawa, kwa maana bima hufidia hasara, haimtajirishi mtu. Yule wa kwanza amekuwa akilipia ardhi ambayo moto hauiwezi.

Lakini jihadharini na kosa la upande wa pili, ambalo ni baya zaidi. Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nieleze bila kumtaja, aliikatia nyumba yake bima ya shilingi 60,000,000, akawa anaihuisha kila mwaka kwa kiasi kile kile huku bei ya saruji, nondo na mbao ikipanda. Waya mbovu ukaunguza paa. Kujenga upya nyumba nzima kulikadiriwa shilingi 120,000,000, na hasara ya paa ilikuwa 20,000,000. Alitegemea kulipwa zote, maana milioni 20 ni ndogo kuliko 60. Alilipwa milioni 10. Mkataba una kifungu cha uwiano: ukiikatia nyumba nusu ya gharama yake, hata hasara ndogo unalipwa nusu, nusu nyingine unabeba mwenyewe. Mpangaji alihama, kodi ikakatika, na mzee wa miaka sabini akaanza kutafuta mkopo.

Basi, dawa ni nini? Kwanza, mwiteni mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa awape gharama ya kujenga upya, ikiwa pamoja na kuondoa kifusi na malipo ya mchoraji ramani. Kiasi hicho kipitiwe kila mwaka kabla ya kuhuisha bima.

Pili, semeni kweli. Bima husimama juu ya uaminifu. Andikeni kwamba nyumba imepangishwa, na ni kwa kazi gani. Mpangaji akigeuza banda la uani kuwa stoo ya mitungi ya gesi, au nyumba ikigeuka ya wageni wa kulala, kampuni ijulishwe. Ninyi mnajua mji wetu unavyotaniwa: waja leo waondoka leo. Wapangaji nao ni hivyo hivyo. Someni mkataba unasemaje juu ya nyumba iliyokaa tupu, maana mingi hupunguza kinga baada ya siku 30.

Tatu, chagueni balaa za kujikinga nazo. Bima ya moto ya kawaida huhusu moto na radi. Tufani, mafuriko, tetemeko na ghasia mara nyingi huongezwa kwa kuomba. Msiseme tufani haifiki kwetu. Ilipiga Unguja mwaka 1872, ikapiga Lindi mwaka 1952, na mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu kupitia Mafia. Tetemeko nalo lilibomoa nyumba nyingi Bukoba tarehe 10 Septemba, 2016. Aidha, ulizeni bima ya kodi inayopotea wakati nyumba inatengenezwa, na bima ya dhima kama kipande cha dari kikimwangukia mpangaji. Vyombo vya mpangaji havimo katika bima yenu. Mwambieni mapema akate yake.

Nne, bima hailipi uchakavu. Chumvi ya bahari inayokula mabati na nondo, mchwa kwenye kenchi, bomba linalovuja miaka miwili: hayo ni ya mwenye nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utaujenga kwa fedha zako. Fundi umeme mwenye leseni akikagua waya, wekeni cheti chake. Nyumba iliyotunzwa ndiyo yenye haki ya kuomba punguzo.

Tano, ombeni bei kwa makampuni matatu yasiyopungua, kwa orodha moja ya kinga, ili mlinganishe embe na embe. Wakala huuzia kampuni yake. Dalali wa bima humtumikia mteja na kumtafutia sokoni. Wote lazima wawe na leseni ya TIRA. Ukikubali kubeba mwenyewe kiasi kikubwa zaidi cha kwanza cha kila hasara, ada hushuka. Lakini kisiwe kiasi usichoweza kukitoa siku hiyo. Mwenye mkopo wa benki aangalie pia kama bima aliyokatiwa inalinda nyumba nzima au deni tu.

Na ikitokea mmekosana na kampuni juu ya madai, msikate tamaa wala msikimbilie mahakamani kabla ya kufika TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nendeni na hati, stakabadhi, na picha za nyumba zilizopigwa ikiwa bado nzima.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Mmoja wetu akienda peke yake na nyumba moja, ni mteja mdogo. Tukienda na nyumba thelathini, zenye makadirio ya kweli na waya zilizokaguliwa, tuna la kuzungumza. Naomba Kamati iteue watu watatu, waandikishe wanachama wenye nyumba za kupangisha, kisha tutafute dalali mmoja atuombee bei kwa pamoja. Kila mtu abaki na hati yake kwa jina lake. Tunachounganisha ni sauti tu. Mimi niko tayari kuwa mmoja wa hao watatu, bila malipo, na mezani pangu pana daftari. Atakayependa aje ajiandikishe kabla ya chakula.