Maji yanatupita, na karatasi zake zinatupita pia

Maongezi mbele ya wakulima na vijana, Sange, Siku ya Maji Duniani



Sikuje hapa kufundisha mkulima namna ya kulima. Nilisoma agronomia, diplome niko nayo, kazi sina. Lakini masomo yalinipa kitu kimoja: kuuliza karatasi. Leo tuongee juu ya karatasi.

Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, pale Bukavu, inashuka karibu metre 700 mpaka Ziwa Tanganyika. Nguvu hiyo wakubwa waliiona zamani. Baraji ya Ruzizi I ilijengwa mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II, ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, ikafuata mwaka 1989. Zote mbili pamoja hazifiki megawati 75. Kisha wakapanga Ruzizi III, megawati 206, za kugawana nchi tatu. Mwaka 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa dola milioni 138. Mwaka 2019 mikataba ilitiwa sahihi Kinshasa. Mpaka leo baraji hiyo haijawasha hata balbu moja.

Hiyo ni ya umeme. Na maji ya shamba je?

Mwaka 2016 Banki ya Dunia ilipitisha mradi wa PICAGL, dola milioni 150 kwa upande wa Kongo, juu ya kilimo cha Sud-Kivu na Tanganyika. Mpunga wa bonde letu ulikuwa ndani. Ndugu, ninyi mulio na shamba, ni nani kati yenu aliyeona kwa macho yake plan ya mfereji wake? Ni nani anajua mfereji gani ulipangwa kutengenezwa, gani uliachwa, na sababu gani?

Miye nilienda kuuliza. Katika biro ya kwanza waliniambia niende ya pili. Katika ya pili waliniambia shefu hayuko. Niliporudi, wakaniuliza: « Wewe ni nani, na nani amekutuma? » Nilijibu: miye ni raia. Jibu hilo halikutosha.

Wakati tunazungushwa, huku kwetu mambo yako hivi. Mifereji yetu mingi haikamate maji ya Ruzizi yenyewe. Inakamata maji ya mito inayoshuka mlimani: Luberizi, Sange, Runingo, Kiliba. Mvua kubwa ikinyesha, mto unaleta mchanga na mawe, mlango wa mfereji unaziba. Kiangazi kikifika, maji yanakuwa kidogo. Mwenye shamba karibu na mlango anashiba, wa mwisho anabaki na udongo mkavu. Njo maana watu wanalala shambani kulinda zamu ya maji. Njo maana ndugu na ndugu wanashikana na jembe mkononi, na mkulima na mchungaji wanaangaliana vibaya. Wengine wanatuambia hiyo ni shida ya makabila. Sehemu kubwa ni shida ya mlango mmoja wa simenti usiotengenezwa.

Na maji hayo hayo, yasipotunzwa, yanaua. Aprili 2020, Mulongwe ilitoka njia yake pale Uvira. Tulizika watu. Baraji, mifereji, miti ya mlimani, kingo za mto: yote ni kazi moja. Mtu hawezi kupanga kimoja na kusahau vingine.

Sasa tunaomba nini? Hatuombe zawadi. Tunaomba kila mradi wa maji katika bonde hili ubandikwe mbele ya biro ya shefferi, kwa Kiswahili, na mambo sita: jina la mradi, pesa iliyopangwa, pesa iliyokwisha kutoka, nani anajenga, kazi imefika wapi, na nani atatunza mfereji siku mradi ukiisha. Hilo la sita ni kubwa. Mfereji bila mtu wa kuutunza unakufa kisha mvua chache.

Haki hiyo iko. Katiba yetu, artikle ya 27, inasema kila Mkongomani anaweza kuandika petisyo kwa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na serikali inapashwa kujibu katika miezi tatu. Petisyo tumeiandika. Iko hapa mezani. Usitie sahihi kama hujaisoma. Asiyejua kusoma, tutamsomea neno kwa neno. Miezi tatu ikipita bila jibu, tutaandikia mkubwa wa mji kumjulisha, kisha tutakaa mbele ya mlango wao, bila jiwe, bila matusi.

Na sisi pia tuko na deni. Posho ijayo tunafanya salongo kwenye mfereji, saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na chepe yake. Lakini tusidanganyike: chepe inaondoa mchanga, haiwezi kujenga mlango. Mlango ni kazi ya leta, na pesa yake ilikwisha kuombwa kwa jina letu.

Deni ya mikopo hiyo, watoto wetu watailipa. Basi na karatasi zake tuzisome.