Hazina ya Senema na Hazina ya Ufipa



Tumeombwa kunena machache juu ya picha ya senema tuliyoitazama hapa Sumbawanga, iitwayo "Watusi". Picha hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1959. Walioitengeneza hawakutaka kutumia fedha nyingi. Walichukua vipande vilivyosalia katika "King Solomon's Mines", picha ya mwaka 1950 iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, wakaviunga na vipya. Ndiyo sababu wanyama na wacheza ngoma wapendeza kuliko wasemaji wenyewe.

Asili yake ni kitabu cha Rider Haggard cha mwaka 1885, ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Humo senemani kijana Harry, mwana wa Allan Quatermain, aifuata njia ya babaye kuyatafuta mashimo yale yale. Twasema kweli, tulifurahi. Lakini karani aliyezoea daftari hakosi kuuliza: mali hii ni ya nani? Wapagazi walilipwa nini? Katika hadithi za namna hii hesabu hiyo haifungwi kamwe.

Tungeyahesabu hayo kuwa mchezo tu, kama yangaliishia kwenye kitambaa cheupe. Lakini katika nchi yetu wako mpaka leo wauzao habari za hazina zilizozikwa na Wajerumani, nao wanunuzi hawakosekani. Mbuzi huuzwa, akiba hutoka, shimo hubaki.

Hapa Ufipa hazina haikufichwa. Wahunzi wa nchi hii walijenga kwa udongo matanuru marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu. Moto wake ulivuta upepo kwa mirija ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto, kikafuliwa kuwa jembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, bali magofu yangaliko, na mpita njia aweza kuyadhania vichuguu.

Yasipotunzwa, mvua itayarudisha kuwa udongo. Na wanaokumbuka maneno ya babu zao wapungua. Kwa hiyo twaleta shauri moja. Kila mwanachama aendapo likizo kijijini achukue kalamu na daftari, amwulize mzee: tanuru hili lilikuwa la nani? Mawe yake yalichimbwa wapi? Majembe yaliuzwa kwa nani? Majibu yaletwe katika gazeti hili, yapigwe chapa, yasomwe na watoto wetu.